Jino la Tatu la Sabinyo

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba mwanzoni mwa muhula niandike habari za safari yangu ya kupanda mlima Sabinyo. Kichwa cha habari alikuwa amekwisha kukichagua: "Nilivyopanda Sabinyo Peke Yangu." Nilikubali upesi, maana habari hiyo ilikuwa imeenea shuleni, nami nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hata nikaijua kama sala ya asubuhi. Lakini kila nilipokaa na kalamu maneno yalikataa kushuka. Mara mbili niliandika ukurasa mzima, mara mbili nikauchana. Leo naandika mara ya tatu, na kile kichwa cha Mhariri nimekibadili. Wenzangu wa bweni langu nawaomba wasiishie katikati, kwani humu ndani mna deni lao.

Kwetu ni Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda. Mtu akisimama sokoni akatazama upande wa kusini, huona milima mitatu imejipanga safu. Wa mashariki ni Muhavura, wenye mita 4,127, umechongoka vizuri kama mtu aliyeuchora kwa rula. Wa katikati ni Mgahinga, mita 3,474, mfupi, kichwa bapa. Wa magharibi ni Sabinyo, mita 3,669, na huo haufanani na ndugu zake. Katika milima minane ya Virunga huo ndio wa kale kuliko yote. Moto wake ulizimika zamani sana, na mvua zimeula hata ukabaki meno matupu. Ndiyo maana ya jina lake pia: wazee wa kwetu waliuona kama kinywa cha mzee mwenye meno makubwa.

Njia ya kupandia kutoka Uganda hufuata mgongo wa mlima. Unapanda jino la kwanza, unapita juu ya mgongo mwembamba hata la pili, kisha kuna pengo, na ng'ambo ya pengo ngazi zinazopanda jino la tatu. Juu ya jino hilo la tatu Uganda, Rwanda na Kongo zinagusana. Mtu akisimama pale aweza kuweka mguu mmoja Uganda, mguu wa pili Rwanda, na mkono wake ukawa Kongo. Hivyo ndivyo nilivyowaambia ninyi nyote kwamba nilifanya.

Tangu utoto nimeamka kila likizo nikiuona mlima huo mlangoni kwa Babu. Nyumba yake iko chini ya mpaka wa hifadhi ya Mgahinga, si mbali na lango la Ntebeko. Zamani hakuwa akikaa hapo. Shamba lake lilikuwa juu zaidi, mahali ambapo leo ni ndani ya hifadhi. Baba yake alilifyeka miaka ya 1950, wakati sehemu ya ule msitu uliokuwa umetengwa kwa ajili ya gorila tangu 1930 ilipotolewa kwa wakulima. Babu alilima huko viazi na ngano hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1991, watu waliokuwa wakilima ndani yake wakashuka. Babu akapata kipande cha ardhi hapa chini, akajenga, mlango akauelekeza mlimani. Bibi alikuwa akisema kwamba mlango wa nyumba yetu umekaa vibaya, unaingiza upepo wa baridi, lakini Babu hakuugeuza.

Mimi sikuwa nikifikiri sana habari za shamba. Nilifikiri habari za jino la tatu. Muhula wa mwisho wa mwaka jana, usiku mmoja bwenini, tulikuwa tukibishana juu ya ushujaa. Mmoja alikuwa amevuka ziwa Bunyonyi kwa mtumbwi usiku, mwingine alikuwa amelala porini Karamoja na ng'ombe wa mjomba wake. Mimi sikuwa na kitu. Nikasikia kinywa changu kikisema kwamba likizo ile nitapanda Sabinyo peke yangu, nitafika jino la tatu, na nitaifunga bendera ya bweni letu juu yake. Wakapiga makofi. Kesho yake kiranja wa bweni akaniita, akanipa bendera yenyewe ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti. Wanafunzi wa zamani wanaosoma ukurasa huu wanaikumbuka: kitambaa cha samawati chenye mkuki mweupe katikati, kilichoshonwa kwa fedha zao wenyewe walizochanga, ambacho kilikuwa kikitangulia mbele yetu kila siku ya michezo. Kiranja akasema, "Usiilete. Iache huko juu."

Nililima viazi vya watu wiki tatu mwezi wa Desemba ili nipate ada ya hifadhi. Siku niliyochagua ilikuwa katika Januari, kwa sababu wakati huo mvua kwetu hupungua kidogo. Babu aliamka kabla yangu. Alinipa viazi vya kuchemsha katika mfuko, na chupa ya togwa ya mtama, na fimbo yake. Nilipovaa gambuti zangu akaniambia, "Ukipita pale majani mafupi, kabla ya mianzi, tazama kama mawe yangu yapo." Nikamwitikia ndiyo, nami nilikuwa nikitazama saa.

Langoni nilifika saa moja na nusu. Aliyekuwa akiandika majina akaniuliza, "Wenzako wako wapi?" Nikajibu kwamba niko peke yangu. Akacheka. "Hapa hakuna mtu wa peke yake. Juu kuna nyati na ndovu." Nilikuwa najua sheria hiyo, mtoto gani wa Ntebeko asiyeijua? Lakini nilikuwa nimejidanganya kwamba kwa kuwa mimi ni mwenyeji wataniacha nipite. Basi nikapewa mwongozi mmoja na askari mmoja mwenye bunduki. Siku ile hapakuja mgeni mwingine, na kwa sababu hiyo nilipowaambia kwamba nilikwenda peke yangu sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilijihesabia kwamba watu wa kazi si wenzangu wa safari. Ndivyo uongo unavyoanza, kwa hesabu ndogo ndogo za namna hiyo.

Mwongozi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye panga na redio ya kuongelea na langoni. Naungama kwamba nilipomwona moyo wangu ulishuka. Katika habari niliyokwisha kuitunga kichwani hapakuwa na mama. Akanitazama miguu, akatazama fimbo, akasema, "Fimbo nzuri. Kijana, mimi nina sheria moja. Saa saba tunageuka, popote tulipo." Nikasema, "Ndiyo, mama." Akageuka akaanza kwenda, na tangu hapo hata jioni sikuona mgongo wake ukichoka.

Mwanzo njia ni rahisi. Tulipita katika mahali pa wazi pa majani na vichaka, palipokuwa na umande mwingi hata suruali ikalowa magotini, kisha tukavuka maji juu ya mbao. Halafu mianzi. Humo ndani jua haliingii, na mianzi ikiguswa na upepo hulia kama milango ya nyumba kubwa isiyo na watu. Askari aliyekuwa nyuma yangu alinionyesha kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kinatoa moshi. Baada ya mianzi mteremko ukasimama, na hapo ndipo mgongo wa mlima unapoanza.

Nimesoma katika vitabu watu wakisema "nilipanda mlima" kwa maneno mawili tu. Nataka wanafunzi wa vidato vya chini wajue maneno hayo mawili yana nini. Kuna tope jeusi linaloshika gambuti na kukataa kuiachia. Kuna mizizi, na juu ya mizizi kuna ngazi za miti zilizofungwa mahali ambapo ardhi imesimama wima, na kila kipago kimevaa utelezi kama sabuni. Unapanda ngazi ukidhani ni ya mwisho, kumbe juu yake kuna nyingine. Kifua kinawaka. Hewa inaingia lakini haishibishi. Kila hatua mia moja nilikuwa nikisimama na kujifanya natazama mandhari, na mwongozi alikuwa akinisubiri bila neno, kama mtu anayejua mchezo huo.

Mandhari yenyewe yalistahili kutazamwa. Miti ya juu imefunikwa kuvu nene la kijani, na matawini mwake yananing'inia manyuzi marefu ya kijivu kama ndevu. Lobelia zimesimama kama mishumaa mikubwa ya altare, nyingine zimenipita urefu. Tulipofika jino la kwanza, yapata saa tano, nilitazama nyuma nikaona Mgahinga na Muhavura vimepangana mmoja nyuma ya mwingine, na chini kushoto ziwa Mutanda na visiwa vyake. Upande wa kusini mashamba ya Rwanda yalipanda hata ukingoni mwa msitu, yakakatika ghafula kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Niliweza kuona bati moja likimeta kwa mbali, nikadhani ni nyumba ya Babu. Mbele yetu jino la pili lilikuwa wazi. La tatu lilikuwa ndani ya wingu.

Kutoka la kwanza hata la pili unakwenda juu ya mgongo wenyewe, na mahali pengine hauzidi upana wa meza mbili za darasani. Kushoto ni Rwanda, inashuka. Kulia ni Uganda, nayo inashuka, katika korongo lenye giza la miti. Nilifurahi sana mahali hapo, wala sitaki furaha hiyo niiseme vibaya kwa sababu ya yaliyofuata. Upepo ulikuwa ukivuka mgongo kutoka nchi hii kwenda nchi ile bila kuulizwa karatasi, na mimi nilikuwa katikati yake. Nikaitoa bendera mfukoni nikajifunga shingoni, ili iwe tayari.

Tulifika jino la pili saa saba kasoro dakika chache. Wingu lilikuwa limekwisha kutufikia. Mwongozi akakaa juu ya jiwe.

"Leo hapa ndipo mwisho," akasema.

"Mama, mlima una meno matatu."

"Unayo. La tatu unaliona?"

Sikuliona. Nikamwambia kwamba nimelima wiki tatu kwa ajili ya siku hii. Akasema anajua kulima. Nikamwambia kwamba ni karibu, ni pengo tu na ngazi. Akasema pengo hilo analijua kuliko mimi, na kwamba ngazi ya kushukia pengoni ilikuwa na tope tangu juzi. Nikamwambia (na hili linanitia haya kuliko yote) kwamba nimelipa. Hakujibu. Redio yake ikaanza kukwaruza, akasimama, akageukia upande ili asikie vizuri. Askari alikuwa ameinama akifunga kiatu.

Nikaenda.

Hapo ndipo nilipokuwa peke yangu kweli kweli, na kwa kuwa Mhariri alitaka habari za mtu wa peke yake, nitazieleza. Zilikuwa hatua thelathini hivi. Baada ya hatua kumi sikusikia tena redio. Baada ya hatua ishirini nilitazama nyuma nisione mtu wala jiwe, nikatazama mbele nisione kitu, na pande zote mbili palikuwa na weupe ule ule, kama kwamba nimesimama juu ya ubao ulioning'inizwa hewani. Nilikuwa nimeota siku hiyo miezi mingi, na katika ndoto yangu upweke huo ulikuwa na fahari ndani yake, kana kwamba mtu fulani ananitazama kwa mbali na kusema, "Tazama kijana yule." Kumbe mtu wa peke yake hatazamwi na mtu. Nilisikia pumzi zangu tu, nazo zilikuwa nyingi mno.

Vichwa vya ngazi vilitokea miguuni pangu, miti miwili imechomoza toka ukungu. Nikageuka kinyumenyume kama nilivyokuwa nimefanya kwenye ngazi nyingine, nikaweka mguu wa kwanza, nikaweka wa pili. Kipago cha tatu sikukiona. Gambuti ikateleza, na mguu wa pili ukaufuata mwenzake, nikabaki nimeshika kwa mikono tu. Fimbo ya Babu ilinitoka. Niliisikia ikigonga jiwe mara moja, kisha mara ya pili kwa mbali, kisha sikuisikia tena.

Bendera ilikuwa shingoni. Fundo lililegea, sijui lini. Upepo uliotoka chini ukaingia ndani yake ukaifungua yote mbele ya macho yangu, samawati na mkuki, kama siku ya michezo. Ilikaa hewani kitambo kidogo, nami nilikuwa na mikono miwili na yote ilikuwa na kazi. Kisha ikaenda upande wa kusini ikaingia katika weupe.

Nasikia watu wakisema kwamba saa ya hatari mtu huona maisha yake yote. Mimi sikuona. Nilifikiri kwamba kiranja ataniuliza.

Kisha nikahisi kola ya koti langu la mvua imeshikwa. Mwongozi alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo, na askari amemshika miguu. "Mguu wa kushoto," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwambia mtoto avae kiatu. Nikautikisa mguu. "Huo ni wa kulia. Wa kushoto, inua kidogo. Kipago kipo." Ndugu msomaji, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nasoma hesabu na fizikia, na katika saa ile sikujua kushoto kwangu. Alirudia mara nne. Mara ya nne mguu ukapata mti, nikapanda, nikalala juu ya tope kati yao wawili.

Nilingoja anigombeze. Alijipangusa mikono, akaniuliza, "Una mama?" Nikasema ninaye. "Basi kula," akasema. Tukala viazi vya Babu watu watatu, bila chumvi kwa kuwa chumvi ilikuwa imemwagika, ndani ya wingu. Nikaona mikono yake ikitetemeka alipokuwa akimenya. Yangu ilitulia kabla ya yake.

Habari za kushuka ni fupi. Magoti yaliuma. Katika mianzi kulikuwa na kundi la kima wale wenye manyoya ya dhahabu, ambao wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Mwongozi alininong'oneza nisimame, nami nilisimama lakini sikuwatazama. Tulipofika pale mahali pa wazi alionyesha kwa panga vichaka vilivyokuwa kando ya njia, akasema kwamba chini yake mna marundo ya mawe ya watu waliokuwa wakilima, na kwamba moja la baba yake lilikuwa humo. Nikasema, "Aa." Nilikuwa na kazi nyingine: nilikuwa nikitunga. Hata tulipofika langoni, yapata saa kumi na moja, nilikuwa nimekwisha kuvuka pengo, nimekwisha kupanda ngazi zote, na bendera nimeifunga katika mti wa juu kabisa.

Babu alikuwa amekaa mlangoni. Akauliza kama nimefika. Nikasema nimefika. Akauliza nimeona nini, nikamwambia nimeona Kongo, na Karisimbi, na moshi wa Nyiragongo. Akasema, "Vizuri." Akauliza habari za fimbo. Nikasema nimeiacha huko juu pamoja na bendera, ziwe kumbukumbu. "Vizuri," akasema tena. Kisha akauliza, "Na mawe yangu?"

Nikasema, "Sikutazama, Babu."

Akaingia ndani kuota moto.

Mengine mnayajua. Muhula wa kwanza nilisimulia bwenini, kisha katika chumba cha kulia, na kila nilipousimulia mlima uliongezeka urefu. Nyati aliingia, ambaye mimi niliona kinyesi chake tu. Mwongozi na askari walitoka. Siku ya wanafunzi wa zamani mzee mmoja alisimama mbele ya shule nzima akasema kwamba moyo ni mkunjufu kusikia bendera yao inapepea juu ya nchi tatu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. Usiku ule sikulala vizuri, lakini asubuhi nilisimulia tena.

Mwezi wa Mei nilirudi likizo. Jioni moja tulikuwa tumekaa pale mlangoni, Babu na mimi, na Sabinyo ulikuwa wazi wote, meno yake yote matatu mekundu kwa jua. Babu alisema kwa Kifumbira, nami nayafasiri maneno yake kama niwezavyo: "Siku ile uliyokwenda nilikaa hapa tangu ulipotoka. Jino la tatu lilivaa kofia saa nne. Halikuivua hata usiku." Akanyamaza kitambo. "Wewe uliona Kongo. Una macho mazuri."

Nilitaka kusema neno, nikakosa. Kisha nikamwambia yote, kuanzia mama yule mwenye panga hata mguu wa kushoto. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipofika kwenye fimbo alicheka kidogo, akasema fimbo ile alikatiwa na mkwewe, hakuipenda sana. Nilipofika kwa mwongozi akaniuliza ni binti wa nani. Nikasema sikuuliza jina la baba yake. Akatikisa kichwa, na katika kisa chote hicho nadhani hilo ndilo lililomuudhi.

Sasa deni. Kiranja wa bweni nimekwisha kumwambia kabla ya gazeti hili kupelekwa kupigwa chapa. Likizo ile ile ya Mei nililima viazi tena, na fedha nimezipeleka kwa fundi cherehani wa mjini, pamoja na mchoro wa mkuki ambao kiranja amenisaidia kuupima kutoka picha ya zamani. Bendera itakuwa tayari kabla ya siku ya michezo. Haitakuwa ile. Ile imo katika makorongo ya Sabinyo, na kwa jinsi upepo ulivyokuwa ukivuma nadhani iko Rwanda. Yule mzee aliyenishika mkono nimemwandikia barua, jibu halijaja. Ninyi wengine mtakaonicheka, nawaomba mnicheke kwa yale niliyofanya, kwani nyati hakuwapo.

Jioni ile ya Mei, giza lilipoanza kuingia, Babu aliinama akaokota kijiti. Akachora ardhini mbele ya mlango. Akachora yale maji tunayovuka juu ya mbao, akachora njia, akaweka vijiwe vitatu upande wa kulia. "Rundo langu liko hapa," akasema, "hatua arobaini kutoka maji, kama miguu yako ni kama yangu ya wakati ule. Juu yake kuna jiwe moja pana. Mama yako alikuwa akikaa juu yake akifukuza ndege." Nikauliza kama nililete jiwe lolote. Akasema la, vitu vya hifadhi haviondolewi, nitazame tu kama yapo, na kama yamefunikwa niseme yamefunikwa.

Nikatoa mfukoni karatasi niliyokuwa nayo, stakabadhi ile ya ada ya mwezi wa Januari, nikaigeuza upande wa nyuma, nikanakili mchoro kabla kuku hawajapita juu yake.